Ugonjwa wa Tezi ya Shingo, na Jinsi ya Kuutunza Palipo Mbali na Daktari Bingwa

Kuna ugonjwa ambao mara nyingi huitwa uvivu kabla haujaitwa kwa jina lake la haki. Mama aliyekuwa akiamka saa kumi na moja alfajiri kukamua ng'ombe sasa hainuki kitandani ila kwa kujilazimisha. Karani aliyekuwa mwepesi wa hesabu husinzia juu ya daftari lake saa nane mchana. Mtu huongezeka uzito ijapokuwa chakula chake kimepungua, naye huvaa sweta mbili mjini Thika mwezi wa Februari, wakati wenzake wanatafuta kivuli. Ngozi hukauka, nywele hukatika, sauti huwa nzito, choo huwa kigumu, na hedhi ya mwanamke hupotea utaratibu au huwa nyingi kupita kiasi. Mambo haya hayaji kwa siku moja. Huja polepole kwa miezi na miaka, hata mgonjwa mwenyewe husahau jinsi alivyokuwa zamani, na watu wa nyumbani husema kuwa ndiyo tabia yake. Wengine husema ni uzee. Wengine ni mawazo mengi. Na wako wanaomtafuta aliyemroga.

Ugonjwa wenyewe ni ulegevu wa tezi ya thairoidi, yaani tezi ndogo iliyo mbele ya shingo, chini kidogo ya koo, yenye umbo kama la kipepeo. Huwapata wanawake kuliko wanaume, hasa watu wa makamo, lakini hauchagui. Dawa yake ni kidonge kimoja kidogo kila siku, nayo imo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani. Walakini madaktari bingwa wa tezi ni wachache sana katika Kenya, na wengi wao wako Nairobi. Mtu wa Gatanga au wa mashamba yaliyo nyuma ya Ruiru hataonana na bingwa kila mwezi, na pengine hataonana naye kamwe. Basi sehemu kubwa ya matunzo haya hufanywa nyumbani, na mgonjwa mwenyewe, kwa saa, daftari na kikombe cha maji. Mimi naamini kwamba jambo hili lawezekana, mradi mtu aeleweshwe vizuri tangu mwanzo.

Kwanza tuangalie kazi ya tezi hiyo. Tezi hutengeneza homoni iitwayo thairoksini, ambayo huenda na damu mwilini mwote na kuviambia viungo vifanye kazi kwa mwendo gani: moyo upige kwa kasi gani, tumbo lisage chakula upesi kiasi gani, mwili utoe joto kiasi gani. Homoni ikipungua, kila kitu hupunguza mwendo. Lakini tezi haifanyi kazi bila msimamizi. Chini ya ubongo iko tezi nyingine, ndogo kama punje ya ndengu, ambayo ndiyo nyapara wake. Nyapara huyu hutuma ujumbe katika damu, nao madaktari huuita TSH kwa herufi tatu. Mfanyakazi akiwa mvivu, nyapara hupaza sauti. Akiwa na bidii kupita kiasi, nyapara hunyamaza. Kwa hiyo TSH ikiwa juu, maana yake tezi imelegea. Ikiwa chini, mara nyingi maana yake homoni imezidi. Watu wengi huona herufi hizo katika karatasi ya maabara, wakafurahi kwamba namba yao imepanda, kumbe imepanda vibaya. Kwa mtu mzima namba ya kawaida huwa kati ya 0.4 na 4 hivi, lakini kila maabara huandika mipaka yake pembeni mwa jibu, na mipaka hiyo ndiyo ya kufuatwa.

Zamani ugonjwa huu ulikuwa ukiua. Mwaka 1891 daktari George Murray wa Newcastle, Uingereza, alimdunga mwanamke mmoja maji yaliyokamuliwa kutoka katika tezi ya kondoo, na mwanamke yule akapona. Aliendelea na dawa hiyo, akaishi hata mwaka 1919. Kidonge cha siku hizi, kiitwacho levothairoksini, hutengenezwa kiwandani bila kondoo, nacho ni kitu kile kile ambacho tezi yenyewe ingalitengeneza. Ni kumrudishia mwili kile ulichopungukiwa. Ndiyo sababu mtu asiogope kukitumia maisha yake yote, kama vile haogopi kula ugali maisha yake yote.

Wazee wa nchi hii walijua ugonjwa wa tezi kwa sura nyingine, yaani rovu, uvimbe mkubwa wa shingo. Rovu la namna ile lilitokana na upungufu wa iodini, madini ambayo tezi huyahitaji ili itengeneze homoni. Katika nyanda za juu mvua za karne nyingi zimeosha iodini kutoka katika udongo na kuipeleka mitoni na baharini, basi mimea iotayo huko haina iodini ya kutosha. Tezi inaponyimwa iodini huvimba, kwa kujitahidi kunasa hata kile kidogo kinachopatikana. Mwaka 1970 madaktari Hanegraaf na McGill walichapisha habari za rovu katika Afrika ya Mashariki, zikaonyesha jinsi lilivyoenea katika nchi za milima. Hata upande wa Kongo, katika kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu, madaktari waliochunguza katika miaka ya 1960 walikuta rovu kwa wingi, pamoja na watoto waliozaliwa na akili pungufu kwa sababu ya upungufu huo huo.

Serikali ya Kenya ilitoa amri mwaka 1978 kwamba chumvi ya kula itiwe iodini. Matokeo yake yameonekana. Uchunguzi wa mwaka 1994 ulikuta rovu kwa watu 16 katika kila 100 waliochunguzwa. Ule wa mwaka 2004 ulikuta 6 tu. Hii ni kazi kubwa iliyofanywa na kitu kidogo, nayo haikuhitaji hospitali wala daktari. Wengi hudhani kwamba chumvi yo yote ya baharini ina iodini ya kutosha kwa kuwa imetoka baharini. Sivyo. Maji yanapokaushwa juani iodini iliyobaki ni haba sana. Hutiwa kiwandani baadaye. Basi mnunuzi atazame maandishi ya pakiti, wala asinunue chumvi ya kupimwa kwa kikombe isiyojulikana ilikotoka. Magadi yanayotiwa katika githeri ili maharagwe yalainike upesi si badala ya chumvi hiyo. Nyumbani chumvi ikae katika kopo lenye kifuniko, mbali na moshi na mvuke wa jiko, na ni vema itiwe chakula kinapokaribia kuiva.

Hapa lazima niseme jambo ambalo hueleweka vibaya sana. Kwa kuwa chumvi yetu sasa ina iodini, mtu wa Thika au Ruiru ambaye tezi yake imelegea, kwa kawaida, hakupungukiwa na iodini. Mara nyingi ugonjwa wake ni ule ulioelezwa mwaka 1912 na daktari Hakaru Hashimoto wa Japani: askari wa mwili, ambao kazi yao ni kupigana na vijidudu, hukosea adui wakaishambulia tezi ya mwenyewe na kuiharibu kidogo kidogo. Wengine tezi yao ilikatwa kwa upasuaji, au ilitibiwa kwa iodini ya mionzi ilipokuwa ikifanya kazi kupita kiasi. Kwa watu hawa kunywa matone ya iodini, au unga wa mwani unaouzwa kwa maneno matamu, hakusaidii, na kwa mwenye ugonjwa wa Hashimoto kwaweza kuilegeza tezi zaidi. Hali kadhalika mgonjwa asiongeze chumvi chakulani kwa kudhani anajitibu. Ataumiza shinikizo lake la damu bure. Kuhusu kabichi na sukuma wiki, ambazo watu huambiwa waziache, mwenye kula chumvi yenye iodini aweza kuzila zikiwa zimepikwa, tena kwa furaha.

Sasa tufike kwenye vitamini, maana ndipo watu wengi hupotea njia. Mtu aliyechoka huenda kwenye duka la dawa na kusema, "Bwana, nipatie vidonge vya nguvu." Muuzaji naye humpa chupa yenye picha ya mtu mwenye misuli. Mgonjwa humeza mwezi mzima, akapata nafuu kidogo au asipate, akarudi kununua nyingine. Kumbe uchovu wa tezi, uchovu wa upungufu wa damu na uchovu wa kukosa vitamini hufanana kama mapacha. Huwezi kuutenga mmoja na mwingine kwa kumtazama mtu usoni. Tena hukaa pamoja. Tezi huhitaji chuma ili itengeneze homoni, na mwanamke ambaye tezi yake imelegea hutokwa na damu nyingi ya hedhi, basi chuma chake hupungua zaidi, na tezi nayo hulegea zaidi. Ndiyo maana fedha za kununulia chupa tatu za vidonge vya nguvu zingefanya kazi njema zaidi zikitumiwa kupima damu mara moja.

Kipimo cha kwanza ni cha wingi wa damu, ambacho hupatikana hata katika vituo vidogo vya afya. Karatasi ya kipimo kamili huonyesha pia ukubwa wa chembe nyekundu: zikiwa ndogo, mara nyingi chuma kimepungua; zikiwa kubwa kupita kawaida, huenda ni upungufu wa vitamini B12 au wa foliki, na hata ulegevu wa tezi peke yake waweza kuzikuza. Kipimo cha TSH hakipatikani kila mahali. Huulizwa katika hospitali kubwa kama ile ya Thika Level 5, au katika maabara za watu binafsi zilizoko mijini. Ni vema kupiga simu kwanza kabla ya kulipa nauli ya matatu. Mwanamke anayemeza vidonge vya kukuza nywele na kucha aviache siku mbili au tatu kabla ya kutolewa damu, kwa maana vingi vina biotini, nayo huweza kuidanganya mashine ya maabara ikatoa namba za uongo.

Vitamini B12 yastahili maneno zaidi. Haipatikani katika mboga wala nafaka zenyewe, bali katika nyama, maini, samaki, mayai na maziwa. Mwili huweza kuiweka akiba ya miaka kadhaa, kwa hiyo upungufu wake huja kimya kimya. Dalili zake ni uchovu, ulimi kuuma, kusahausahau, na miguu kufa ganzi kana kwamba mtu amevaa soksi nene. Mtu ambaye askari wa mwili wake wameishambulia tezi yu karibu zaidi kuliko wengine na ugonjwa ambao askari hao hulishambulia tumbo, hata B12 isiweze kunyonywa, ingawa anakunywa maziwa ya ng'ombe wake kila siku. Vilevile wagonjwa wa kisukari wanaotumia dawa ya metiformini kwa miaka mingi, na wale wanaomeza omeprazoli ya vidonda vya tumbo mwaka baada ya mwaka, hupungukiwa. Tumbo likishindwa kuinyonya, B12 hutolewa kwa sindano, au kwa vidonge vyenye kipimo kikubwa. Haifai mtu mwenye ganzi miguuni kujinunulia foliki peke yake. Foliki huweza kuirekebisha damu ikaonekana njema, huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika, na uharibifu huo ukikaa muda mrefu haurudi nyuma.

Chuma hupatikana katika nyama na maini, na kwa kiasi katika maharagwe, ndengu, terere na managu. Lakini chai ya majani inywewayo pamoja na chakula huzuia chuma cha mboga kisinyonywe, wakati ambapo chungwa au kipande cha papai huisaidia kazi hiyo. Basi nyumba ile ile, kwa chakula kile kile, yaweza kupata chuma au kukikosa kwa sababu tu ya chai imenyweka saa ngapi. Vitamini A hupatikana katika maembe, karoti, maboga na viazi vitamu vya rangi ya machungwa. Mwili uliolegea tezi hushindwa kuigeuza vizuri rangi ya karoti kuwa vitamini, hata viganja vya mikono vikawa vya manjano; wengine hudhani ni homa ya manjano, lakini weupe wa macho hubaki mweupe. Vitamini D hutoka katika jua. Mkulima hana haja ya kuhangaika nayo sana. Karani anayetoka Ruiru kabla ya mapambazuko kwenda Nairobi na kurudi usiku ndiye wa kuifikiria, na dakika chache za jua wakati wa mapumziko ya mchana ni rahisi kuliko sindano.

Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya imetaka unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa katika pakiti utiwe vitamini na madini, pamoja na chuma, zinki, foliki na B12, na mafuta ya kupikia yatiwe vitamini A. Lakini mkulima anayepeleka mahindi yake mwenyewe kwenye kinu cha posho hupata unga usio na nyongeza hiyo, na akikoboa mahindi hupoteza hata zile vitamini zilizokuwa ndani ya punje. Sisemi aache mahindi yake akanunue ya dukani. Nasema ajue tofauti hiyo, aijaze kwa yai, maziwa, dagaa na mboga za majani.

Turudi kwenye kidonge cha levothairoksini, maana hapo ndipo wengi waliokwisha kutambuliwa ugonjwa wao hushindwa, wakasema dawa haifai. Kidonge hiki kina wivu. Hakipendi kukuta kitu tumboni. Yapasa kimezwe tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kitu kingine cho chote. Sasa fikiri desturi yetu: mtu huamka, hupewa kikombe cha chai ya maziwa yenye moto, humeza kidonge kwa chai hiyo hiyo. Kalisi iliyo katika maziwa hukishika kidonge, na sehemu yake nzuri hupita tumboni bila kuingia katika damu. Wakulima wa Ruiru, mahali ambapo kahawa ya Ruiru 11 ilizalishwa na kutolewa kwa wakulima mwaka 1985, hawatapenda kusikia kwamba kahawa nayo hufanya vivyo hivyo. Uji wa soya pia haufai wakati huo.

Njia iliyo rahisi kwa mfugaji ni kuweka kidonge na kikombe cha maji karibu na kitanda, akimeze mara aamkapo, ndipo aende kukamua. Atakapomaliza kukamua na kupeleka maziwa, saa itakuwa imepita, na chai itakuwa halali. Kwa yule ambaye asubuhi zake hazina utaratibu, kama mlinzi wa usiku au mwenye duka, aweza kumeza wakati wa kulala, saa tatu baada ya chakula cha mwisho. Mwislamu naye aweza kufanya hivyo katika mwezi wa Ramadhani. Neno kubwa ni kuchagua saa moja na kuishika. Vidonge vya chuma, vya kalisi, na dawa za kiungulia za kutafuna, vyote vikae mbali na kidonge hiki kwa saa nne. Anayemeza chuma akimeze jioni.

Kipimo cha dawa huamuliwa na daktari au afisa wa kliniki, wala hakifanani kwa watu wote. Mtu mzima ambaye tezi yake imekufa kabisa huhitaji kama maikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili wake, basi mwenye kilo 60 hufikia karibu maikrogramu 100. Mzee, au mwenye ugonjwa wa moyo, huanzishwa kwa kipimo kidogo, kama maikrogramu 25 au nusu yake, na kuongezwa polepole, kwa kuwa moyo uliozoea mwendo wa kobe ukiamshwa ghafula waweza kuumia. Dawa hii haitendi kazi kwa siku mbili. Baada ya kuanza au kubadili kipimo, damu hupimwa tena baada ya majuma sita hadi nane, si kabla, kwa maana namba ya juma la pili hupotosha. Hali ikishatulia, kipimo kimoja cha TSH kwa mwaka humtosha mtu mzima asiye na mimba. Hiyo ni safari moja ya mjini kwa mwaka, na mtu aweza kuiweka akiba mapema kama anavyoweka karo ya shule.

Nashauri kila mgonjwa awe na daftari la shilingi chache. Aandike tarehe, kipimo cha dawa, jina la kampuni iliyotengeneza vidonge, jibu la maabara na mipaka yake, na uzito. Mwisho wa juma, kabla ya kuinuka kitandani, aweke vidole viwili juu ya kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, ahesabu mapigo ya moyo kwa dakika moja, ayaandike. Mapigo yanayozidi kupungua, pamoja na baridi na choo kigumu, huonyesha kwamba homoni haitoshi. Mapigo yanayopita 100, pamoja na mikono kutetemeka, jasho na kukosa usingizi, huonyesha kwamba imezidi. Mtu asibadilishe dawa kwa hesabu hiyo peke yake, lakini mganga atakayemwona mara ya kwanza, katika kituo cho chote, atajifunza mengi kwa daftari hilo katika dakika tano. Na hapa niwaonye wale wanaotafuta kidonge hiki ili wapungue unene hali tezi yao ni nzima: huharibu moyo na kudhoofisha mifupa.

Daftari lina faida nyingine. Matibabu ya serikali yamekatika mara kadhaa katika miaka ya karibuni. Mgomo wa madaktari ulioanza Desemba 1916 ungekuwa hadithi ya mababu, lakini huu ulianza Desemba 2016 na kudumu siku 100. Mwingine wa mwaka 2024 ulidumu siku 56. Na madaktari wa Kaunti ya Kiambu, iliyo na Thika na Ruiru, waligoma mwaka 2025 kwa muda wa miezi ipatayo mitano. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 Ruiru peke yake ilikuwa na watu 490,120, na Thika 251,407. Msomaji aweza kukisia msongamano uliopo hospitalini hata siku ambazo hakuna mgomo. Kwa hiyo mgonjwa wa tezi asingoje kidonge cha mwisho. Awe daima na akiba ya mwezi mmoja, katika pakiti yake ya asili, mahali pakavu penye giza, si dirishani wala karibu na jiko wala juu ya kabati chini ya mabati yanayochomwa na jua. Homoni hii hutoka mwilini polepole. Nusu yake huondoka kwa muda wa siku saba hivi. Basi siku moja au mbili zikikosekana, hakuna hofu. Aendelee na kidonge chake cha kawaida. Majuma mengi yakipita bila dawa, hilo ni jambo jingine. Akibadilishiwa kampuni dukani, aandike, na damu ipimwe baada ya majuma sita hadi nane. Mgonjwa akianza kulala usingizi mzito usioamshika, mwili ukawa baridi, maneno yakamchanganyika, hiyo si kazi ya daftari. Apelekwe hospitali saa ile ile.

Mama mwenye ugonjwa huu anayetaka kupata mtoto azungumze na daktari kabla ya mimba. Katika miezi mitatu ya kwanza mtoto aliye tumboni hutegemea homoni ya mama yake kwa kujenga ubongo, na mahitaji ya mama hupanda. Madaktari wengi huongeza vidonge viwili kwa juma mara mimba ijulikanapo, kisha hupima damu kila majuma manne hadi nusu ya mimba. Akiwa kliniki atapewa vidonge vya chuma na foliki, navyo ni vya lazima. Lakini asivimeze pamoja na cha tezi, kama wengi wafanyavyo kwa kutaka kumaliza kazi kwa mara moja.

Mtoto mchanga naye aweza kuzaliwa na tezi isiyofanya kazi, hata kama mama ni mzima. Siku za kwanza huonekana mtulivu, na wazazi humsifu kwa kutolia. Zitazamwe dalili hizi: umanjano wa macho unaopita majuma mawili, kunyonya kwa uvivu, sauti nzito ya kilio, ulimi mkubwa, kitovu kilichochomoza, choo cha shida, na mwili wa baridi. Katika nchi tajiri kila mtoto hutobolewa kisigino na damu yake kupimwa kabla dalili hazijaonekana. Kwetu mzazi hana budi kuliuliza jambo hilo mwenyewe kliniki. Matibabu yakianza ndani ya majuma mawili ya kwanza, mtoto hukua na akili zake timamu. Yakichelewa miezi, akili iliyopotea haipatikani tena. Kidonge chake husagwa baina ya vijiko viwili, huchanganywa na matone ya maji au maziwa ya mama, na kupewa mara moja, kila siku, kwa saa ile ile.